Saa ya Injenia Imebaki Likasi

Watu waliotangulia kupeleka mtoto chuo kikuu waliniambia kwamba kinachomaliza mzazi ni karo ya minerval, godoro na kodi ya chumba. Hakuna aliyenitajia habari ya kuamsha.

Nakaa Kikula, hapa Likasi. Binti yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Injenia tangu alipoapa kwamba politekniki ni yake, yuko Lubumbashi, kilomita 120 kutoka kitandani kwangu. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo, mimi niko macho napapasa simu chini ya mto ili nimwamshe mtu mzima aliyeko mji mwingine. Napiga. "Papa, minalamuka kala!" Namshukuru Mungu, nakata. Baada ya dakika kumi napiga tena, maana mimi ndiye niliyemzaa. Safari hii sauti inatoka ndani ya blanketi. Ya tatu ndiyo inayomsimamisha, na hiyo ni ya mama yake, ambaye hapigi simu kuuliza hali.

Hiyo ni zamu ya alfajiri. Kuna ya mchana, kuuliza kama amekula, kwa sababu akishika jambo linalompendeza tumbo lake halina sauti. Kuna ya jioni, kuuliza kama TP, ile kazi ya kozi, imeanza au bado anatafuta kalamu. Mega za simu ninazonunua kwa mwezi zingeendesha kituo cha redio. Nikinung'unika, mke wangu ananikumbusha kwamba kazi hiyohiyo yeye aliifanya tangu mtoto anaingia la kwanza mpaka la sita ya sekondari, bila mega na bila kuandika gazetini.

Injenia ana TDAH. Kwa wasiozijua herufi hizo: ni umakini usiokuja ukiitwa, na ukija hauondoki ukifukuzwa. Anaweza kufungua redio mbovu usiku, akaipanga upya bila kula wala kulala, asubuhi redio ikaimba. Mwambie apeleke sahani jikoni. Sahani utaikuta juu ya ndoo mlangoni, na yeye yuko nje anawaeleza watoto wa jirani jinsi transfoma inavyofanya kazi.

Tulimpeleka Lubumbashi kwa daktari wa akili. Mji ule una kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, yule Mbelgiji wa Ghent wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama binadamu, kwa hiyo jambo hili si geni kabisa kwetu, ingawa mtaani kwangu ukisema "daktari wa akili" watu wanaangalia kwanza kama umevaa viatu. Daktari hakuanza na binti. Alitaka buletini za shule ya msingi. Nilidhani anatafuta asilimia, nikaanza kutetea hesabu za la nne. Kumbe kanuni yao, ile ya kitabu cha madaktari wa Marekani cha mwaka 2013, inataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12. Mtu haipati TDAH akiwa na miaka ishirini kwa sababu mtihani umekaribia.

Mke wangu hatupi karatasi. Akafungua bahasha, tukasoma. La kwanza: "Mwerevu, anasema sana." La tatu: "Anaangalia dirisha." La tano, shule nyingine, mwalimu mwingine, wino wa rangi nyingine: "Anaangalia dirisha." Daktari akacheka. Miaka yote hiyo walimu walikuwa wanauandika ugonjwa wenyewe na kuugonga muhuri, na sisi tunatia sahihi chini na kuurudisha shuleni. Na kwa kuwa ni msichana, hakuna aliyeshtuka. Wavulana wenye hali hii huvunja dirisha; wasichana wengi huliangalia tu, ndiyo maana wanachelewa kugunduliwa.

Tuliporudi nyumbani ndipo nilipojua kwamba Likasi ina madaktari wengi kuliko Kinshasa. Jirani wa kushoto alisema ni uvivu, tiba yake jembe. Jirani wa kulia alisema ni mapepo, na anamjua mchungaji atakayekesha naye mpaka yatoke, sadaka kwa dola. Mzee mmoja aliyestaafu kiwandani alisema ni urani. Hoja yake ni kwamba mgodi wa Shinkolobwe uko karibu kilomita 20 tu kutoka hapa, na kama mawe yake yaliweza kwenda kuunguza Hiroshima mwaka 1945, yatashindwaje kumsumbua mtoto wa Kikula? Ni nadharia nzuri, ina fahari ya nyumbani ndani yake. Kasoro yake ni kwamba watoto wa Nairobi na wa Zürich nao wanayo hali hii. Hesabu za dunia nzima huweka karibu watoto 5 katika kila 100. Na yule anayesema yote yameletwa na simu, nimemjibu kwamba daktari George Still alisimama London mwaka 1902 akawaeleza wenzake habari za watoto wa namna hii, wakati nchi yetu ilikuwa bado shamba binafsi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji na hapakuwa na WhatsApp ya kusingizia.

Lakini kabla hatujaondoka Lubumbashi, daktari alikuwa ametuambia jambo ambalo angeweza kabisa kulinyamazia: hali hii hurithiwa. Tena inarithiwa kwa nguvu, haiko mbali na kimo. Tafiti za mapacha huweka sehemu ya urithi juu ya asilimia 70. Habari ziliwafikia wakwe kabla basi letu halijafika Likasi. Jumapili iliyofuata mashemeji walikuja wamevaa kama watu wa mahari, kutangaza kwamba upande wao kitu hicho hakipo. Nikawauliza, kwa adabu yote, habari za mjomba wao aliyetumwa Kambove kununua asali akarudi baada ya majuma mawili na mbuzi. Wakasema yule alikuwa mfanyabiashara. Bukari ilipoa mezani tukiwa bado tunagawana ukoo.

Sasa kuna wanaoniuliza: kama mambo yenyewe ni hayo, diplome d'État aliipataje? Aliipata kwa sababu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, imetengenezwa kana kwamba aliyeitunga alikuwa anamfikiria yeye. Siku nne, kila siku karatasi yake: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, masomo ya tawi. Maswali ya kuchagua jibu. Simu marufuku, msimamizi mlangoni, saa inakwenda, na nje mtaa mzima umesimama kusubiri. Kichwa cha namna yake kinafanya kazi moto ukishafika mlangoni, na Exetat ni moto wa siku nne. Matokeo yalipoingia kwenye simu tulimmwagia poda mpaka nyusi zikapotea. Yule jirani wa jembe alikuja kula, akarudia sombe.

Halafu, miezi michache baadaye, tukamvua kila kilichokuwa kinamshikilia, vyote kwa mkupuo mmoja, tukakiita kitendo hicho kukua.

Angalieni anachokuta. Nyumbani palikuwa na kengele ya shule. Palikuwa na unifomu, bluu na nyeupe, ambayo haina kuchagua. Palikuwa na mwalimu anayejua jina la baba yake, na mama wa kona anayeuza karanga, ambaye akimwona barabarani saa tatu anapaza sauti: "We, hauendake ku masomo?" Chuoni anaingia ukumbi wa watu mamia, ambamo akikosekana hakuna wa kugundua isipokuwa kiti. Ratiba imebandikwa kwenye valve, ubao wa matangazo. Akirudi kesho imebandikwa nyingine juu yake, na juu ya hiyo tangazo la viatu vya mtumba. Usiku CP, kiongozi wa darasa, anatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita, salamu na mizaha, na habari yenyewe iko dakika ya tano: kozi ya kesho imehamishwa. Profesa mgeni anashuka kwenye ndege kutoka Kinshasa, anafundisha asubuhi mpaka jioni juma zima, anaondoka. Baadaye ni kimya. Mtihani uko mwisho wa semesta, yaani, kwa kalenda ya Injenia, uko baada ya kiama.

Na huu mfumo wa LMD, wa lisansi, masta na udaktari, ulioingizwa nchi nzima tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 una krediti 60 kwa mwaka, 180 mpaka lisansi. Ndani ya krediti kuna saa za kukaa darasani, na kuna saa zinazoitwa kazi binafsi ya mwanafunzi. Hizo za pili ndizo shimo. Hazina chumba, hazina kengele, hazina mtu. Kwenye karatasi zinapendeza sana. Nimemwuliza msomi mmoja wa ukoo wetu mtoto anazifanya wapi na saa ngapi, akanijibu kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu lazima awe na uhuru. Uhuru Injenia anao mwingi tayari, angeweza kuuza.

Mwanasaikolojia Mmarekani Russell Barkley amerudia miaka na miaka kwamba shida ya watu hawa si kutojua la kufanya. Wanajua. Shida ni kulifanya saa inayotakiwa, kwa hiyo msaada uwekwe palepale kazi inapofanyikia. Sisi huku tulikuwa tunampelekea mawaidha, kwa kilo, kwa kila basi linaloshuka Lubumbashi. Injenia mwenyewe anayajua yote kwa kichwa. Angeweza kuandika kitabu cha kujipanga, ila asingekimaliza.

Baba yangu alifanya kazi ya shaba Shituru tangu mji huu ukiitwa Jadotville, kabla haujawa Likasi mwaka 1966. King'ora kilimwamsha, king'ora kikamwingiza, king'ora kikamtoa. Chakula kilikuja kwa posho. Mtoto alipimwa uzito siku iliyopangwa na kampuni ya shaba, na shule ya kampuni ilijua nani hakuja kabla mama yake hajajua. Siyasifu yale maisha. Mzungu aliyapanga ili shaba itoke, furaha ya baba yangu haikuwa kwenye bajeti. Lakini naapa kwamba katika zile kambi za wafanyakazi walikuwemo akina Injenia kwa mamia, na hakuna aliyewatambua, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kusahau. Mji mzima ulikuwa na saa moja, ikilia kwa nguvu ya mvuke. Leo tunamchukua mjukuu wa king'ora, tunampa chumba cha mita tatu kwa tatu na ufunguo, tunamwambia ajipange. Ufunguo ulipotea juma hilohilo.

Dawa ipo duniani. Mwanakemia Leandro Panizzon aliitengeneza Uswisi mwaka 1944, na miaka kumi baadaye ikaingia sokoni kwa jina la Ritalin, kwa heshima ya mkewe Rita, ambaye wanasimulia alikuwa akiimeza kabla ya kucheza tenisi. Mke wangu aliposikia hayo aliniuliza mimi nimekipa kitu gani jina lake. Tukaendelea na mazungumzo mengine. Kuipata hapa ndiyo kazi. Iko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa za kudhibitiwa, na Shirika la Afya Duniani liliombwa mwaka 2019, kisha tena 2021, kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, likakataa mara zote mbili kwa maelezo kwamba ushahidi haujatosha. Nilizunguka famasi za mjini na karatasi mkononi. Mmoja aliniuliza kama ni ya malaria. Mwingine aliniuliza ni ya nani, nilipomwambia ni ya mwanafunzi akaniuzia vitamini na pole. Daktari alisema tusikae kungoja kidonge. Tuanze na chumba na siku yenyewe.

Basi tukaanza. Saa kubwa ya ukutani, kwa sababu Injenia akishika simu kuangalia saa anatoka humo nusu saa baadaye anajua siasa zote za Kinshasa, saa haijui. Kadibodi yenye kozi za juma kwa kalamu nene. Na mfuko mmoja unaoning'inia nyuma ya mlango, wa vitu vya kufa na kupona: kadi, ufunguo mpya, na bordero.

Asiyejua bordero amshukuru Mungu. Ni karatasi ya benki inayoshuhudia kwamba umelipa. Ni ndogo, ni nyepesi, wino wake unafifia ukiutazama kwa jicho baya, na bila hiyo huandikishwi kwa mtihani hata kama keshia ni shangazi yako. Siku ya mwisho ya kuandikishwa, asubuhi, simu ikalia. "Papa, bordero haiko." Haiko wapi? "Haiko fasi yote." Nikamwambia asimame katikati ya chumba asisogee, tukaanza kukipekua chumba cha Lubumbashi tukiwa Likasi. Chini ya godoro, hapana. Kwenye mfuko wa mlangoni, hapana. Humo kulikuwa na embe. Ndani ya silabasi ya fizikia alikuta picha ya bibi yake aliyokuwa akiitafuta tangu Noeli, akaanza kunisimulia siku ile ya picha, nani alikuwepo, kwa nini shangazi amenuna. Nikamrudisha. Akaomba samahani. Akaanza tena na shangazi.

Mama yake akaninyang'anya simu.

"Jana ulipika nini?"

"Bukari."

"Unga ulinunua saa gani?"

"Nikiwa natoka benki."

"Fungua mfuko wa unga."

Ilikuwemo, imekunjwa mara nne. Ilibidi aipulize ndipo namba zikaonekana. Alifika kwenye dirisha la kuandikishwa na mikono myeupe, na karani, namshukuru hapa hadharani, hakuuliza kitu.

Katika mipango yetu yote, uliofaulu kuliko mingine ni ule ambao hatukuupanga. Mwenzake wa chumba ni msichana wa Kipushi anayesoma sheria. Kila jioni anakaa mezani saa moja, anafungua Kanuni ya Familia, anasoma kwa sauti ya chini mpaka saa nne, hainuki hata umeme ukikatika. Anawasha taa ya simu anaendelea na urithi wa watoto wa nje. Injenia amegundua kwamba yule akiketi, na yeye anaketi. Hamsaidii fizikia, hata hana haja nayo. Hamgombezi. Yupo tu upande wa pili wa meza, na TP zinaisha. Ijumaa akienda Kipushi kwa wazazi wake, kazi inasimama mpaka arudi. Nilipomweleza daktari, hakushangaa hata kidogo; alisema wagonjwa wake wengi hufanya kazi vizuri kuliko kawaida wakiwa na mtu kando anayefanya yake.

Mke wangu alifurahi, akampigia yule binti kumshukuru. Usimshukuru mwanasheria. Hakuwa amejua kwamba ana thamani.

Juma lililofuata iliingia kwenye simu yangu karatasi ya mkono, mistari imenyooka, vifungu vina namba, chini imeandikwa "Imefanyika Lubumbashi" na tarehe. Kifungu cha 1: mhusika wa Kipushi ataketi mezani Jumatatu hadi Alhamisi, saa moja hadi saa nne usiku. Kifungu cha 2: hatalazimika kusema neno. Kifungu cha 3: kuamsha alfajiri kunabaki jukumu la upande wa Likasi. Kifungu cha 4: kila mwezi upande wa Likasi utatuma mfuko mmoja wa makaa, karanga na samaki thomson. Kifungu cha 5: wakati wa mitihani, Jumamosi na Jumapili zinaongezwa, na samaki wanaongezwa kwa kiasi hichohicho. Kifungu cha 6: ugomvi wowote utaamuliwa Kipushi.

Nimeusoma mkataba huu mbele ya mashemeji, kwa kuwa mmoja wao aliwahi kuwa karani mahakamani na anapenda kukumbushwa. Amesema umeandikwa vizuri kuliko ule wa nyumba yake. Mimi nakubali vifungu vitatu vya kwanza bila maneno. Kifungu cha 4 kina shida ya usafiri: mfuko wa makaa, ukiuingiza kwenye basi, unalipiwa nauli ya mtu, na barabara yenyewe imejaa malori ya shaba yanayotembea pale yanapotaka. Kifungu cha 6 nakipinga moja kwa moja. Ugomvi uamuliwe Likasi, tuna mahakama nzuri. Na hakuna mahali palipotajwa thomson awe na ukubwa gani. Nilimwandikia kuuliza, akajibu: "Ukubwa unaokubalika kwa desturi." Nimeenda sokoni Kikula, nimempiga picha samaki mmoja kando ya mkono wangu ili kiganja kionekane, nimemtumia kama msingi wa mazungumzo. Ameiona picha tangu juzi, alama mbili za bluu zimewaka, hajajibu, na mitihani inaanza Jumatatu.